Stesheni Isiyo na Watu

Nataka kuhakiki reli mbili ambazo hazijawahi kupandwa na abiria yeyote. Ya kwanza iko Beaconsfield, Uingereza, na imekuwa wazi kwa umma tangu 1929. Ya pili iko nyuma ya nyumba ya mzee mmoja mjini Leicester. Ina urefu usiofika mita 60, na hufunguliwa kwa wageni Jumapili chache tu za kiangazi. Zote mbili ni reli za bustanini: treni ndogo zinazopita juu ya udongo wa kweli, katikati ya mimea ya kweli, chini ya mvua ya kweli. Nazihakiki kama ninavyohakiki wasifu au kumbukumbu za maisha, kwa sababu naamini ni kazi za ukoo mmoja. Waliozijenga hawakubuni dunia. Walichukua dunia iliyokuwepo, wakaipunguza, wakaamua kipi kibaki na kipi kitoke. Mwandishi wa insha hufanya kazi gani zaidi ya hiyo?

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa wazee wenye nafasi nyuma ya nyumba. Ni mchezo, sikatai. Nilikulia Tabora, karibu na stesheni, na watoto wa mtaani kwetu tulijenga treni za makopo ya samaki yaliyounganishwa kwa waya, vizibo vya soda vikawa magurudumu. Hakuna aliyetuita wasanii. Lakini hata sisi tulikuwa na uhakiki wetu. Kuna mtoto alileta treni nzuri kuliko zote, yenye kichwa cha bati na taa ya kioo, ila akaifungia usukani wa waya mrefu kama ule wa magari yetu. Tulimcheka wiki nzima: treni gani hukatishwa kona na dereva? Ufundi wake haukuwa na kasoro. Alikuwa amesema uongo kuhusu treni, na sisi tuliokuwa tukiiona treni ya Kigoma ikiingia na kutoka tulijua.

Tuanze na sarufi ya kazi hizi, yaani vipimo. Reli nyingi za bustanini hutumia njia yenye upana wa milimita 45 kati ya chuma na chuma. Upana huo haubadiliki. Kinachobadilika ni uwiano wa kile kinachopita juu yake. Ukitaka treni ya njia ya milimita 1,435, kama ile ya reli ya kisasa inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, inabidi upunguze kila kitu mara 32. Ukitaka reli ya mita moja, kama reli ya kati ya zamani au ile ya Mombasa, unapunguza mara 22.5 hivi. Huo ndio uwiano ulioenezwa na LGB ya Nuremberg, Ujerumani, ilipoanza kuuza treni zake mwaka 1968, kwa kuzifikiria reli nyembamba za milimani huko Ulaya. Ukitaka TAZARA, yenye milimita 1,067, unaangukia karibu na 24.

Nilipoifanya hesabu hii kwenye karatasi nilikaa nayo muda mrefu. Reli hizi tatu za Tanzania haziwezi kupitisha treni moja ardhini. Mzigo unaotoka TAZARA kwenda reli ya mita hushushwa Kidatu na kupakiwa upya, gunia kwa gunia, kontena kwa kontena. Bustanini, zote tatu zinaweza kupita juu ya vyuma vile vile. Ila kuna gharama. Mtu wa kimo cha sentimita 170 anayesafiri kwa treni ya kisasa atakuwa na sentimita 5 na kidogo. Ndugu yake wa kimo kile kile, anayekwenda Kigoma kwa treni ya zamani, atakuwa na sentimita 7 na nusu. Wasimamishe pamoja kwenye jukwaa moja, na mmoja ataonekana ni mtoto wa mwenzake. Njia zimeungana, lakini watu wamepoteza usawa wao.

Hili si tatizo la treni peke yake. Nimesoma historia nyingi za reli za Afrika Mashariki ambamo kila kitu kimelazimishwa kupita kwenye njia moja nyembamba ya simulizi, na ndani yake mhandisi ana kimo kamili, gavana ana kimo kamili, na waliobeba mataruma mabegani wana sentimita tano. Kwa hiyo ninapoitazama reli ya bustanini, swali langu la kwanza ni hili: nani kapunguzwa kuliko wengine ili kazi hii iweze kupita?

Bekonscot, ile reli ya Beaconsfield, ni kazi kubwa na ninaipenda. Mwanzilishi wake, Roland Callingham, alikuwa mhasibu wa London. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alianza kujenga kijiji kidogo bustanini kwake, akakipa jina alilolishona kutoka Beaconsfield na Ascot. Reli aliijenga kwa msaada wa W. J. Bassett-Lowke wa Northampton, aliyekuwa bingwa wa treni za mfano wa enzi hiyo. Wageni walipoanza kumiminika, michango yao ilielekezwa kwenye hisani, na hadi leo mahali hapo huendeshwa kwa nia hiyo. Kuna miji kadhaa, bandari, kasri, mgodi wa makaa ya mawe, uwanja wa mbio za farasi na bustani ya wanyama. Nyumba zimepunguzwa mara 12 hivi, lakini treni hupita kwenye njia ile ile ya milimita 45. Kwa hesabu ya nyumba, hiyo ni reli yenye upana wa sentimita 54 tu. Macho hayalalamiki. Treni inapotokea nyuma ya kichaka na kuvuka daraja, unaisadiki, kama unavyosadiki mazungumzo katika kumbukumbu za mtu aliyeyasikia miaka 40 iliyopita.

Kinachonivutia zaidi kama mhakiki ni uamuzi wa 1992. Kwa miongo mingi kijiji kile kilikuwa kikibadilika na wakati: majengo mapya yalipoota Uingereza, mengine kama hayo yaliota Bekonscot. Mwaka 1992 waliokiendesha waliamua kukirudisha miaka ya 1930 na kukiacha huko. Huo ni uamuzi wa kifasihi. Walichagua njeo. Walisema: kazi hii itasimuliwa kwa wakati uliopita, na haitachanganya nyakati. Kwa umbo, walifanya vizuri. Kazi isiyojua inasimama mwaka gani huwa kama duka la mitumba, kila kitu kimo na hakuna kinachofanana.

Lakini miaka ya 1930 ipi? Mwaka 1936 wanaume wapatao 200 walitembea kutoka Jarrow, kaskazini mwa Uingereza, hadi London, kudai kazi, kwa sababu viwanda vya meli vilivyowalisha vilikuwa vimefungwa. Katika ziara zangu mbili Bekonscot niliona mchezo wa kriketi, niliona harusi na wavuvi. Sikuona foleni ya wasio na kazi. Wala sikuona dalili kwamba nchi ile, katika miaka ile, ilikuwa ikila sukari na kunywa chai iliyolimwa na watu wa mbali waliokuwa chini ya bendera yake. Najua jibu nitakalopewa: watoto huja pale kufurahi. Sawa. Lakini mgodi wa makaa umo, na mgodi si mahali pa furaha. Kwa hiyo wajenzi walijua kwamba kazi nzito inaweza kuingia bustanini bila kuwafukuza watoto.

Masimulizi ya historia ya Bekonscot hutaja kwamba Callingham alisaidiwa na mtunza bustani wake, mpishi, mtumishi wa ndani na dereva. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi. Ni mlango ulioachwa wazi kidogo, na ndani yake kuna kazi nyingine kabisa ambayo ningependa kuisoma: mpishi anatoka jikoni na unga mikononi, anaambiwa leo tunajenga kanisa.

Sasa Leicester.

Mzee huyu ni Singasinga, mzaliwa wa Nairobi. Baba yake alikuwa karani wa reli, na katika utoto wake familia ilihamishiwa Makindu, kwenye njia ya Mombasa, kwa miaka minne. Alifika Uingereza Februari 1968, siku chache kabla ya sheria mpya ya uhamiaji kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza. Nilipelekwa kwake na rafiki aliyejua kwamba mimi ni mtu wa reli kwa ukoo. Nilipomsalimu shikamoo alicheka. "Hiyo ni ya pwani na ya Tanganyika," alisema. "Sisi Nairobi tulisema jambo tu. Lakini marahaba, binti yangu. Marahaba mara mbili."

Kiswahili chake ni cha Nairobi ya miaka ya 1950, chenye viambishi vichache na moyo mkubwa. Nakinukuu hapa kwa kukinyoosha kidogo, kwa ruhusa yake.

Reli yake ni ya uwiano wa 22.5, yaani ya mita moja kweli kweli. Njia ya Mombasa hadi Nairobi ilikuwa na zaidi ya kilomita 520. Kwa uwiano huo angehitaji bustani ya kilomita 23, na angehitaji kununua sehemu kubwa ya Leicester. Kwa hiyo alichagua vituo viwili, Makindu na Kibwezi, na akaacha vingine vyote. Njia inaondoka Makindu karibu na mlango wa jikoni, inazunguka tuta la vitunguu na mchicha, inapita kwenye daraja la mbao, na kufika Kibwezi chini ya mti wa tufaha. Majani ya mti ule yakianguka, kila jani hufunika nusu ya behewa. Mvua ikinyesha, kila tone ni ndoo ya maji. Mimea na hali ya hewa havipunguziki, na hapo ndipo reli ya bustanini inapotofautiana na ile ya kwenye meza ya chumbani. Ya mezani hutawaliwa yote na mwenyewe. Ya bustanini ina mhariri asiyebembelezwa: wiki mbili za uzembe, na magugu yamefuta aya nzima.

Ukambani ni nchi kame na udongo wake ni mwekundu. Leicester ni kijani mwaka mzima. Mzee alilitatua hilo kwa kusaga matofali mekundu ya ukuta uliobomolewa jirani na kuyamwaga pande zote za njia. Migunga yake ni misonobari mifupi aliyoikata vichwa hadi ikawa bapa juu. Mbuyu wake ni kisiki cha mti wa waridi kilichogeuzwa juu chini, mizizi ikawa matawi. Nilipouona nilitambua kwamba watu wetu husema hivyo hivyo kuhusu mbuyu, kwamba Mungu aliupanda kichwa chini. Yeye alikuwa amefanya kwa mikono kile ambacho hadithi ilisema.

Fahari yake ni kichwa cha treni. Ni Garratt ya aina ya 59, moja kati ya zile 34 zilizotengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Zilikuwa mashine za ajabu: boila moja katikati, injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikijipinda kivyake, ndiyo maana mnyama wa tani 250 na urefu wa mita zaidi ya 31 aliweza kupita kwenye kona za njia nyembamba. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Yake ni namba 5918, Mount Gelai. Kichwa chenyewe kiko Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na mlima wenyewe uko kwetu Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Hakuna duka linalouza kitu kama hicho, kwa hiyo alikikata mwenyewe kwa bati la shaba nyeupe, akakitia betri, akakipaka rangi ya damu ya mzee kama zilivyokuwa. Kina urefu wa mita 1.4. Kikivuta mabehewa manane, mkia wake bado uko Makindu wakati pua yake imeshafika kwenye vitunguu.

Kando ya stesheni yake ya Makindu kuna jengo jeupe ambalo msafiri wa barabara ya Mombasa atalitambua: hekalu la Masingasinga, lililojengwa 1926 na watu wa reli. Hapo Makindu, hadi leo, msafiri yeyote wa dini yoyote hupewa chakula bila kuulizwa pesa. Jumapili za kufungua bustani, Mzee hufanya hivyo hivyo. Meza huwekwa kando ya hekalu lake la sentimita 40, na kila anayeingia hupewa dengu, chapati na chai ya maziwa kabla hajaonyeshwa treni hata moja. Nilimuuliza kama hiyo ni sehemu ya kazi au ni ukarimu tu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama paa ni sehemu ya nyumba.

Hapa nataka nizungumzie kushiriki, kwa sababu ndiko tofauti kubwa ya kazi hizi mbili ilipo. Bekonscot hushirikisha watu kwa kuwafungulia lango. Unafuata njia, unatazama, hugusi, unatoka. Wewe ni jitu linalopita juu ya mji, na mji haukuhitaji. Leicester, mgeni hupewa kazi. Kati ya Makindu na Kibwezi kuna njia moja tu, na treni ni mbili. Katika reli za kweli za njia moja, dereva hakuruhusiwa kuingia kwenye kipande kama hicho bila kushika kijiti maalumu. Kijiti kilikuwa kimoja tu, na asiyekuwa nacho alisubiri. Ni utaratibu sahili na uliookoa maisha mengi. Mzee hutumia mwiko wa jikoni. Mtoto mmoja huwa stesheni masta wa Makindu, mwingine wa Kibwezi, na mwiko husafiri kati yao kwa miguu kupitia kwenye mchicha. Bila mwiko, kuingia njia ile ni mwiko. Kiswahili kilikuwa kimemwekea utani huo tayari, naye aliuokota.

Nilikuwa stesheni masta wa Kibwezi kwa saa nzima. Mwenzangu wa Makindu alikuwa msichana wa miaka tisa, jirani, ambaye hakuwa amesikia habari za Kenya hata kidogo. Mara moja alinyima treni yangu ruhusa kwa sababu alikuwa anamalizia chapati. Treni ikasimama, wageni wakasubiri, na Mzee hakuingilia. Nafikiri huo ndio ujasiri wa kazi yake. Amejenga simulizi ambayo haiendi mpaka mtu mwingine akubali. Waandishi wengi, nami nikiwemo, tunasema tunataka msomaji mshiriki. Wachache tungemwachia msomaji mwiko.

Kila mgeni mtu mzima huuliza swali moja: simba wako wapi? Wamesikia habari za simba wa Tsavo, waliokula wajenzi wa daraja mwaka 1898 na ambao leo wamesimama kwenye makumbusho mjini Chicago. Mzee hana simba. Anakataa kuwa nao. "Simba walikula watu, kweli," aliniambia. "Lakini nani anauliza habari ya homa? Nani anauliza habari ya kuhara?" Waliletwa karibu Wahindi 32,000 kujenga njia ile, na karibu 2,500 walikufa. Simba waliua sehemu ndogo tu ya hao. Simba ni hadithi nzuri mno, na kwa sababu hiyo imekula hadithi nyingine zote. Kumwacha simba nje ya bustani ni kazi ya mhariri mzuri: alitambua kipande kitamu ambacho kingepotosha uwiano wa kazi nzima, akakitoa.

Mpaka hapo namsifu. Sasa nifike kwenye kile kilichonikera.

Jukwaa la Makindu halina mtu. La Kibwezi halina mtu. Mabehewa hayana abiria, na kichwa hakina dereva. Kuna benchi, kuna mizani ya mizigo, kuna kengele, na ukingoni mwa jukwaa kuna masinia mawili madogo ya mbao yenye shanga za njano na kijani, yaani maembe. Wauzaji hawapo. Nilipoyaona masinia yale nilinyamaza. Mama yangu aliuza karanga na asali kwenye madirisha ya treni ya Kigoma, stesheni ya Tabora, kwa miaka 11. Aliniosha, akanivisha na kunisomesha kwa sinia kama lile. Na hapa lilikuwa sinia lake, limejaa, na yeye ametolewa.

Nilimwambia Mzee. Sikumwambia kwa ukali, ni mtu mzima, lakini sikuzunguka. Nilisema reli yake inamheshimu karani, inamheshimu fundi wa Manchester, inamheshimu msafiri mwenye njaa, na imemsahau aliyesimama kwenye jua.

Hakukasirika. Aliingia ndani, akarudi na sanduku la viatu. Ndani yake mlikuwa na watu kama 30 wa plastiki, wa kimo cha sentimita 7 na nusu. Wanawake wenye magauni ya Kijerumani. Wanaume wenye kofia za manyoya. Kondakta mwenye masharubu ya dhahabu. "Hawa ndio wanauzwa," alisema. "Miaka ishirini nimetafuta. Nikisema nipake rangi nyeusi usoni, ni nini hiyo? Ni Mjerumani amepakwa rangi. Mimi niliishi na wale watu. Siwezi kuwafanyia hivyo."

Nilirudi nyumbani na jibu hilo, na limenisumbua zaidi ya kazi yenyewe. Je, nafasi tupu ni heshima au ni kufuta? Katika uandishi wa kweli tunakutana na jambo hili kila siku. Kuna mtu muhimu katika simulizi, na maneno yote tuliyonayo kumhusu yametengenezwa na wengine, kwa ajili ya wengine. Tunaweza kumvika maneno hayo na kumsimamisha jukwaani. Tunaweza pia kuacha pengo. Mzee aliacha pengo, na aliliacha kwa sababu safi. Lakini mgeni asiyejua, yule msichana wa miaka tisa kwa mfano, haoni pengo. Anaona stesheni nzuri ya nchi isiyo na watu. Nia ya mjenzi imebaki ndani ya sanduku la viatu, na uhakiki hauwezi kusoma kilichomo ndani ya sanduku.

Nilipomrudia na hoja hiyo alisema, "Basi mlete mama yako."

Nilifikiri. Ningeweza kumchonga, au kumtafuta wa kumchonga. Lakini mama yangu hakuwahi kufika Makindu. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na asali yake ilitoka misitu ya kwetu. Kumweka kwenye jukwaa la Ukambani, eti kwa sababu reli zote mbili ni za mita moja na sinia ni sinia, ni kurudia kosa la usukani wa waya. Wauzaji wa Makindu walikuwa Wakamba, kwa sehemu kubwa, na walibeba mizigo yao kwa namna yao. Nilimwambia hapana. Aseme mwenye kumbukumbu hiyo.

Haraka ya jambo hili haiko kwenye nadharia. Mzee amepita miaka 80. Reli ya bustanini haihamishiki kama kitabu. Nyumba ikiuzwa, mwenye nyumba mpya ataona vyuma kwenye majani na kuita mtu wa kuving'oa. Treni ya abiria ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa ilikoma 2017 Madaraka Express ilipoanza, na treni hiyo mpya, ikiteremka kuelekea Mombasa, husimama Emali na Kibwezi bila kusimama Makindu. Kwa hiyo mahali pekee ambapo treni ya abiria ya mita moja bado husimama Makindu, kwa ratiba na kwa mwiko, ni nyuma ya nyumba moja Leicester. Kitakachobaki kwenye vichwa vya waliowahi kushika mwiko ndicho kitakachobaki. Kama wamebaki na nchi tupu, basi nchi tupu ndiyo itakayosimuliwa.

Kiangazi kilichopita mgeni mmoja wa Mzee, mwanamke wa Machakos anayefanya kazi ya uuguzi mjini humo, aliyaangalia masinia yale na kusema si sahihi. Bibi yake hakutumia sinia la mbao. Alitumia kiondo. Mwezi uliofuata alirudi na viondo viwili alivyovisuka mwenyewe kwa uzi wa katani, vyenye mistari ya kahawia, na mkanda wa kupitisha kwenye paji la uso. Masinia yakaondolewa. Viondo viko ukingoni mwa jukwaa sasa, na maembe ndani yake. Msichana wa Makindu alivitazama, akauliza ni vya nani.

Nilivipima kwa rula. Kila kimoja kina upana wa sentimita 3, maana yake kiondo chenyewe kingekuwa na sentimita 67, ukubwa ambao hakuna bibi angeubeba. Mzee anajua. Hesabu hiyo aliifanya kabla yangu. Anasema vitakaa hivyo hivyo mpaka aliyevisuka aamue vinginevyo, na kwamba ameshamwomba afikirie kuhusu wenyewe, wale wa kuvibeba.